Kibiriti Katika Dohani: Salfa ya Meli Inakwenda Wapi?



Ndugu msomaji, makala hii ilianza kama jibu la swali. Katika duara letu la elimu la Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, kila mwanachama hupewa zamu ya kueleza jambo moja kutoka katika fani anayosoma. Zamu yangu ilipofika nilisema nitazungumzia moshi wa meli. Ndugu mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma sheria, akanyoosha mkono kabla sijafungua hata daftari: "Kaka, sisi tuko Lubumbashi. Meli zinatuhusu nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ni kweli kwamba Kongo ina kipande cha pwani kule Muanda, upande wa Atlantiki, lakini wengi wetu hapa hatujawahi kukiona. Nilimjibu kwa dakika kumi, na jibu lenyewe halikunitosheleza hata mimi. Basi nalikamilisha hapa, kwa utulivu, na yeye nimempa nakala ya kwanza aisome kabla yenu.

Usiangalie rangi, uliza mafuta

Mwaka jana wakati wa likizo nilifuatana na mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu, hadi Dar es Salaam. Yeye alirudi na mzigo wake, mimi nikabaki wiki tatu nyumbani kwa mama mdogo, Kurasini, jirani kabisa na bandari. Mtoto wake wa mwisho ana miaka saba na ana pumu. Ziko siku alilala vizuri, na ziko siku tulikesha naye, mama yake amemkalisha kitako kitandani, mkono mmoja mgongoni na mwingine umeshika dawa ya kuvuta.

Mimi mwanafunzi wa kemia nikajifanya mjuzi. Kutoka uani tuliweza kuona meli zikiwa gatini, na dohani zake zikitoa moshi hata usiku. Wengi hudhani meli ikishafunga kamba huzima kila kitu. Sivyo. Injini kubwa ya kusukuma meli huzimwa, lakini injini ndogo zinaendelea kufua umeme wa taa, wa pampu na wa makontena yenye majokofu. Nikamwambia mama mdogo kwa uhakika wote: "Ule moshi mweusi, mama, ndio salfa yenyewe."

Siku chache baadaye nilikuwa Magogoni nasubiri kivuko cha kwenda Kigamboni. Pale lango la bandari ni jembamba, na meli kubwa hupita karibu mno, mtu unajihisi ungeweza kuhesabu misumari yake. Kando yangu alikaa mzee mmoja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaanza mazungumzo. Kumbe alifanya kazi miaka mingi katika vyumba vya injini za meli. Nikamwonyesha moshi nikamweleza habari yangu ya salfa. Akatabasamu.

"Hiyo nyeusi ni masizi, kijana. Mafuta hayakuungua sawasawa. Salfa huioni kwa jicho. Meli inaweza kupita hapa moshi wake haujulikani kama upo, na salfa ikawa tele. Usiangalie rangi, uliza mafuta."

Niliona haya kidogo, maana hilo nilipaswa kulijua. Salfa dioksaidi ni gesi isiyo na rangi. Jioni nilimwomba radhi mama mdogo kwa kumfundisha visivyo. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Sasa hayo mafuta yao ni mafuta gani?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko maelezo yangu.

Neno lililokuwa mfukoni mwetu

Salfa si mgeni katika Kiswahili. Neno kibiriti tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni salfa yenyewe, ule unga wa manjano. Njiti za kuwashia moto zilipofika, zikachukua jina hilo kwa kuwa vichwa vyake vina salfa. Wazee bado huiita salfa kibiriti upele, kwa sababu unga wake hupakwa kutibu upele. Ile harufu kali inayokupiga puani unapowasha njiti, kabla moto haujatulia, ndiyo salfa dioksaidi. Sasa ifikirie njiti moja yenye uzito wa tani kadhaa, inawashwa kila siku, mbele ya dirisha la mtoto mwenye pumu.

Mafuta ghafi yanapochimbwa huja na salfa ndani yake, mengine kidogo, mengine nyingi. Kiwanda cha kusafisha mafuta huyapasha moto na kuyatenga: gesi, petroli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, dizeli. Chini kabisa hubaki kitu kizito, cheusi, kinachokaribia lami, na salfa nyingi imejikusanya humo. Hayo ndiyo mafuta mazito ya meli. Ni mazito kiasi kwamba lazima yapashwe moto hadi zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi ndipo yapite katika sindano za injini. Kwa miongo mingi meli ndizo zilizokuwa mahali pa kuchomea masalia hayo ambayo nchi kavu hakuna aliyeyataka. Kwa mwenye kiwanda ilikuwa njia ya kuuza taka, na kwa mwenye meli ilikuwa mafuta ya bei nafuu. Mapatano mazuri, isipokuwa kwa aliyekaa upande upepo unakoelekea.

Hesabu ya mwaka wa kwanza

Hapa chukueni kalamu, maana hesabu hii kila mmoja aweza kuifanya. Uzito wa atomi ya salfa ni 32. Oksijeni ni 16, na mbili ni 32. Kwa hiyo gramu 32 za salfa zikiungua hutoa gramu 64 za salfa dioksaidi. Kwa maneno mengine, kila tani moja ya salfa katika mafuta hutoka dohanini ikiwa tani mbili za gesi.

Chukua meli kubwa ya makontena inayochoma tani 100 za mafuta kwa siku ikiwa safarini. Mafuta yake yakiwa na salfa asilimia 3.5, kiwango kilichoruhusiwa duniani hadi mwisho wa mwaka 2019, hizo ni tani 3.5 za salfa, yaani tani 7 za salfa dioksaidi kwa siku moja. Kwa asilimia 0.5 inakuwa tani moja. Kwa asilimia 0.1 inakuwa kilo 200.

Linganisheni na dizeli ya magari. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki za wakati huo, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. (Sisi Kongo tulijiunga na Jumuiya mwaka 2022.) Asilimia 3.5 ni sehemu 35,000 katika milioni. Yaani lori la mjomba likijaza dizeli ya kiwango hicho Dar es Salaam, mafuta yake yana salfa pungufu mara 700 kuliko yaliyoruhusiwa kwa meli iliyoleta mzigo wake. Hata baada ya sheria mpya, tofauti bado ni mara 100.

Gesi hiyo haikai ilivyo. Hewani huchukua oksijeni zaidi, hukutana na unyevu, ikawa asidi ya salfuriki na chembechembe ndogo mno za salfeti. Gesi yenyewe hubana njia za hewa, na mwenye pumu huweza kuathirika ndani ya dakika chache. Chembechembe ni hatari ya kimya zaidi: hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na upepo huzibeba mamia ya kilomita kutoka baharini. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kwa mafuta ya zamani, moshi wa meli ungehusishwa na vifo vya mapema takriban 400,000 kwa mwaka na pumu za watoto takriban milioni 14. Kwa mafuta ya asilimia 0.5, makadirio yalishuka hadi vifo takriban 250,000 na watoto milioni 6.4. Punguzo ni kubwa, na kilichobaki pia ni kikubwa.

Sisemi moshi wa meli ndio uliompa mdogo wangu pumu. Kurasini kuna malori mchana na usiku, kuna vumbi, kuna mikaa, na pumu huweza pia kurithiwa. Nasema tu kwamba gesi hii ni adui anayejulikana wa ugonjwa wake, na ilikuwa inatoka mbele ya nyumba yao kwa idhini ya sheria.

Asilimia zilivyoshuka

Sheria yenyewe hutungwa London, katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, lijulikanalo kwa kifupi IMO. Mkataba wake mkuu wa uchafuzi unaitwa MARPOL, na sehemu inayohusu hewa ni Kiambatisho cha Sita. Ndugu yetu wa sheria ataipenda historia yake kwa sababu inaonyesha jinsi kanuni inavyoweza kuwepo na isifanye kazi.

Kiambatisho kilikubaliwa mwaka 1997, lakini kilianza kutumika tarehe 19 Mei 2005, miaka minane baadaye, kwa sababu ilibidi kwanza nchi za kutosha zenye meli za kutosha ziridhie. Na kilipoanza, kikomo kilikuwa asilimia 4.5, ilhali wastani wa salfa katika mafuta mazito duniani ulikuwa chini sana ya hapo. Ni kama kuandika kwenye mlango wa bweni kwamba ni marufuku kurudi baada ya saa kumi za alfajiri. Mwaka 2008 mkataba ukarekebishwa. Kikomo kikawa asilimia 3.5 kuanzia Januari 2012, na asilimia 0.5 ikapangiwa mwaka 2020, ila kukawekwa mlango wa kuahirisha hadi 2025 iwapo ingeonekana mafuta safi hayatatosha.

Mlango huo karibu utumike. Oktoba 2016 wajumbe walikutana kuamua, 2020 au 2025. Finland iliwasilisha utafiti uliokadiria kwamba kuahirisha kwa miaka mitano kungesababisha vifo vya mapema 570,000 zaidi. Wakaamua 2020. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa na kila mara najiuliza: mle ukumbini kulikuwa na watu wenye kufikiria bei ya mafuta, na hilo si dhambi, biashara ni biashara, lakini kama nambari ile isingewekwa mezani, nani angemsemea aliyekaa uani akiangalia dohani? Tarehe 1 Januari 2020 kikomo kilishuka kutoka 3.5 hadi 0.5. Kwa makadirio ya IMO, salfa itokayo melini ilipungua kwa asilimia 77, karibu tani milioni 8.5 kwa mwaka.

Lakini sheria haiko sawa kila mahali, na hapa ndipo nilipokaa kwa muda mrefu kuliko pengine pote. Kuna sehemu za bahari zilizoombewa ulinzi mkali zaidi: Baltiki, Bahari ya Kaskazini, pwani za Marekani na Kanada, na visiwa vya Karibiani vilivyo chini ya Marekani. Humo kikomo ni asilimia 0.1 tangu mwaka 2015. Zaidi ya hayo, Umoja wa Ulaya uliamuru tangu mwaka 2010 kwamba meli ikikaa gatini katika bandari zake zaidi ya saa mbili ichome mafuta ya asilimia 0.1.

Maana yake ni hii. Meli ileile, nahodha yuleyule, inapofunga kamba Rotterdam huchoma mafuta ya asilimia 0.1. Ikifika Mombasa au Dar es Salaam inaruhusiwa kuchoma ya 0.5, mara tano zaidi. Na kabla ya 2020 iliruhusiwa 3.5, mara thelathini na tano. Mafuta safi yamo melini, mara nyingine katika tangi la jirani. Kinachokosekana ni amri ya kufungua koki.

Nani anachungulia tangi?

Swali hili liliulizwa na dada mmoja kwenye duara, na ni swali la haki: katikati ya bahari nani anajua meli inachoma nini?

Kwanza kuna karatasi. Kila meli inaponunua mafuta hupewa hati inayoonyesha kiasi cha salfa, na hati hiyo hutunzwa melini kwa miaka 3. Pamoja nayo huchukuliwa sampuli katika chupa, ikafungwa kwa lakiri, na kuwekwa kwa muda usiopungua miezi 12. Mkaguzi wa bandari ana haki ya kupanda, kusoma hati, kuangalia kitabu cha injini kuona saa waliyobadilisha mafuta, na kupeleka sampuli maabara. Kenya na Tanzania zimo katika makubaliano ya nchi za Bahari ya Hindi ya kukagua meli za kigeni bandarini. Na meli haiponi kwa kupeperusha bendera ya nchi isiyoridhia mkataba. Ikiingia bandari ya nchi iliyoridhia haipewi upendeleo.

Pili kuna pua. Kule Denmark, kwenye daraja la Great Belt, vimefungwa vipimo vinavyonusa moshi wa meli zipitazo chini. Kwingine hutumia ndege au droni. Namna wanavyofanya ni kemia safi: hawapimi salfa dioksaidi peke yake, maana moshi huchanganyika na upepo na kupungua. Hupima pamoja na kaboni dioksaidi, kisha huangalia uwiano wake. Upepo hupunguza zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uwiano hubaki, na uwiano huo huonyesha asilimia ya salfa katika mafuta. Niliposoma hilo nilisimama nikazunguka chumbani, kwa furaha tu.

Tatu, na hii ni ya wanasheria: tangu tarehe 1 Machi 2020 ni kosa hata kubeba mafuta ya salfa nyingi katika tangi la matumizi. Kabla ya hapo mkaguzi alitakiwa kuthibitisha kwamba yalichomwa, kazi ngumu sana kwa tukio la katikati ya bahari. Sasa yakikutwa tangini yanatosha. Isipokuwa meli iwe na kifaa cha kuosha moshi.

Hila ya kuosha moshi

Kifaa hicho mabaharia hukiita skraba. Moshi hupitishwa ndani ya mnara na kunyunyiziwa maji ya bahari. Maji hayo kwa asili yana uwezo wa kupoza asidi, basi huinasa salfa dioksaidi karibu yote. Kanuni ya 14 ya Kiambatisho inataja asilimia ya salfa katika mafuta. Kanuni ya 4 inaruhusu njia nyingine yenye matokeo sawa hewani. Kwa hiyo mwenye skraba anaendelea kununua mafuta mazito ya bei nafuu, na maelfu ya meli zimefungwa kifaa hicho.

Na maji yaliyoosha moshi? Katika mifumo mingi, ile ya wazi, hurudishwa baharini.

Niwe mwadilifu. Salfeti yenyewe si sumu kwa bahari. Maji ya bahari yana gramu karibu 2.7 za salfeti kwa kila lita kabla binadamu hajagusa kitu. Tatizo ni kwamba maji hayo hutoka yakiwa na asidi, tena yamebeba metali kama vanadiamu na nikeli, pamoja na masalia ya mafuta yasiyooza upesi. Katikati ya bahari kuu huenda yakapotea. Bandarini, ambako maji hayatembei sana na watu wanavua, ni habari nyingine. Singapore na Fujairah zilipiga marufuku umwagaji huo katika maji yao kuanzia Januari 2020. Denmark na Sweden zilifuata mwaka 2025.

Wanaosoma fiqhi watakumbuka mjadala wa hila: mtu kutimiza maneno ya hukumu huku makusudio yake yakipotea. Sitoi fatwa, mimi ni mwanafunzi wa kemia. Lakini kama makusudio ya kanuni ni salfa na uchafu wake usimfikie kiumbe, basi kuutoa hewani na kuumwaga majini ni kuuhamisha chumba tu. Ndugu yetu wa sheria hakubaliani nami. Anasema mtunga sheria mwenyewe ndiye aliyeruhusu, na kilichoruhusiwa waziwazi si hila. Tumeuacha mjadala pale, chai ilikuwa imepoa.

Wala asidhani mtu kwamba mafuta ya salfa kidogo ni mafuta safi. Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba Mauritius na kumwaga baharini takriban tani 1,000 za mafuta. Yalikuwa ni hayo mapya, ya salfa kidogo. Matumbawe na mikoko havikuulizwa asilimia.

Kuna mmoja aliyesikia kwamba kupunguza salfa kumeongeza joto duniani, akataka kujua kama ni kweli. Msingi wake upo. Chembechembe za salfeti hufanya mawingu ya baharini yawe meupe zaidi, yakarudisha mwanga wa jua angani. Hata mistari ya mawingu nyuma ya meli ilikuwa ikionekana kwa setilaiti, nayo ikapungua sana mwaka 2020. Kivuli kimeondoka kidogo, na wanasayansi bado wanabishana ni kidogo kiasi gani. Lakini aliyeficha homa kwa kitambaa cha maji hakuitibu; joto lenyewe linatokana na kaboni dioksaidi. Na kitambaa hicho kilikuwa kinabana vifua vya watu.

Lori la manjano

Sasa nirudi kwa swali la kwanza. Meli zinatuhusu nini sisi wa Katanga?

Salfa inayotolewa katika mafuta haipotei. Kiwandani hutumia haidrojeni kuing'oa, ikatoka kama gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, kisha kwa njia iliyobuniwa na Carl Friedrich Claus katika karne ya 19 hugeuzwa salfa kavu ya manjano. Salfa nyingi inayouzwa duniani leo haichimbwi kama salfa. Inatokana na kusafisha mafuta na gesi. Nchi za Ghuba, kama Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait na Saudi Arabia, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Hupakiwa melini, ikashushwa Dar es Salaam, ikapakiwa katika malori.

Na malori hayo mnayajua. Yanapita Tunduma, yanakata Zambia, yanasubiri foleni Kasumbalesa, yanaingia kwetu. Mjomba amebeba mzigo huo mara nyingi. Hulalamikia macho, maana vumbi lake huwasha, na hakubali mtu avute sigara karibu, maana ni kibiriti kweli. Huenda Likasi na Kolwezi, ambako huchomwa ikawa salfa dioksaidi, ikaongezwa oksijeni, ikawa asidi ya salfuriki ya kuyeyushia shaba na kobalti kutoka katika mawe. Ni mlolongo uleule unaotokea juu ya dohani ya meli, hatua kwa hatua. Kiwandani hatua ya pili huhitaji vanadiamu kama kichocheo; na mafuta mazito ya meli, cha ajabu, huja na vanadiamu yake ndani. Meli ilikuwa kiwanda cha asidi kinachotembea, ila kisichokuwa na tangi la kupokelea.

Na sisi tunajua salfa ikiachwa hewani hufanya nini. Liangalieni lile bomba refu la kiwanda cha zamani cha shaba linaloonekana mjini kote. Upande ambao upepo uliupeleka moshi wake kwa miongo mingi, moshi wenye salfa na metali, pana ardhi iliyobaki kipara mpaka leo. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuvuka bahari ili aelewe habari ya mtoto wa Kurasini.

Mirija miwili

Tarehe 1 Mei 2025 Bahari ya Kati yote iliingia katika orodha ya sehemu zenye kikomo cha asilimia 0.1. Wazo hilo halikutoka upande wa Ulaya peke yake. Nchi za pande zote mbili zilikubaliana Antalya, Uturuki, Desemba 2021, kisha zikapeleka ombi IMO kwa pamoja. Hivyo pwani ya Morocco, Algeria, Tunisia, Libya na Misri sasa ina ulinzi uleule ilio nao Ufaransa na Italia.

Pwani ya Afrika Mashariki haina. Ili nchi ziombe, IMO hutaka ushahidi: meli ngapi zinapita, upepo unaelekea wapi, watu wangapi wanaishi kando, hewa yao ina nini, na gharama itakuwa kiasi gani. Ombi ni la serikali, lakini kupima hewa hata mwanafunzi anaweza kuanza. Kuna mirija midogo ya plastiki yenye kemikali inayonasa salfa dioksaidi. Unaitundika wiki kadhaa, unaifunga, unaipeleka maabara. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo. Mirija yangu haitapima saa 24, itatoa wastani wa wiki nzima tu, na mwalimu wangu ameshanionya nisidai zaidi ya hapo.

Nimeiandika kama mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Likizo ijayo, inshallah, nitapanda tena lori la mjomba. Mama mdogo amenipa ruhusa ya kutundika mirija miwili nyumbani kwake, mmoja upande wa bandari na mmoja upande wa barabara ya malori, kwa sharti kwamba nisitoboe ukuta. Mdogo wangu ameomba yeye ndiye aandike tarehe kwenye karatasi.

Wassalaam alaykum.